Kumpandisha Pilipili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na viatu vya ofisini. Nilikuwa nimechoka kufanya usafi uwanja wa ndege, na nilipoona tangazo la kazi ya kuhudumia farasi, huko nyuma ya nyumba za Hounslow, Landani, nilijiambia kwamba baba yangu alikuwa na punda wa gari kule Unguja, na farasi ni punda aliyejaaliwa bahati tu. Mkuu wa mabanda, mwanamke wa Kiingereza mwenye sauti ya kijeshi, alinitazama miguuni akanitupia mabuti ya mpira.

"Usimpitie farasi kwa nyuma bila kumsemesha," akaniambia. "Sema chochote, kwa lugha yoyote."

Basi nikawa nawaamkia kwa Kiswahili, na ndege zikitungurumia juu ya vichwa, na wao wala hawashtuki.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Nilijifunza kuchokoa uchafu kwenye kwato, na kupapasa kano kila asubuhi. Kano ni ule mshipa mgumu ulio nyuma ya mguu. Farasi hujua kuficha maumivu, lakini joto la mguu hawezi kulificha. Baada ya miaka mingi nikahamia kwenye mabanda mengine, huko pembezoni kabisa mwa Landani, ambako watu walishindana mbio za mapipa. Mapipa matatu husimamishwa kama mafiga, ila yameachana mbali. Mpanda farasi huingia kwa kasi, huyazunguka yote bila kuliangusha hata moja, kisha hutoka mbio. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi.

Meneja wa pale alikuwa mzee aliyewahi kuvunjika nyonga kwa mchezo huohuo. Watu walipomjia wakitaka kumpandisha farasi jike, yaani kumtafutia dume ili azae, aliwauliza maswali mpaka wakakasirika. "Kombe halizai," alikuwa akisema. "Nionyesheni miguu yake, nionyesheni tabia yake, halafu mniambie ni nani atakayemlea mtoto."

Farasi hodari kuliko wote pale alikuwa Pilipili, jike mwekundu, mfupi, mwenye kifua kipana. Jina alipewa na Bi Hansa, Mhindi wa mtaa wa Harrow aliyezaliwa Kisumu, mwenye duka la dawa. Bi Hansa mwenyewe aliogopa farasi. Aliyempanda ni bintiye, Rina. Mimi na Bi Hansa tulizungumza Kiswahili, changu cha Unguja na chake cha Kisumu, na Rina alitusikia vizuri tu lakini akajibu kwa Kiingereza. Pilipili alishinda karibu kila alikopelekwa, mpaka kano ya mguu wa mbele ikaumia. Ilipona, ila daktari wa mifugo akasema mbio sasa basi. Atembee, apandwe polepole.

Mwaka huohuo Rina, aliyekuwa ameolewa, mimba yake ikaharibika ikiwa kubwa. Alirudi mabandani amekonda, akasimama mbele ya Meneja, akasema anataka Pilipili azae.

Daktari akaja, mwanamke mrefu mwenye mikono ya taratibu. Akampima kwa mashine ya picha, ileile wapimwayo kina mama, akatueleza bila kuficha. "Mfuko wa uzazi ni mzima. Lakini umri umekwenda, na hajawahi kuzaa. Atabeba uzito karibu mwaka mzima juu ya mguu ulioumia. Wengi huzaa salama. Kwa wengine tunampoteza mama, au mtoto, au wote wawili. Siwezi kukuahidi."

Bi Hansa alinivuta pembeni. "Dada Asha, huyu farasi akifa, mimi nitamzika na mtoto wangu pia. Mwambie aache. Wewe atakusikiliza."

Nilimkuta Rina bandani ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya Pilipili. Nikachukua brashi nikaanza kumsugua farasi upande wa pili.

"Bibi, nataka kitu kimoja tu kilicho changu kiishi," akasema kwa Kiingereza chake. "Ni dhambi?"

"Si dhambi, mwanangu. Lakini na akifa je, huyu hapa?"

"Kwa hiyo na wewe uko upande wa mama."

"Niko upande wako na upande wake yeye, ambaye hakuna aliyemuuliza. Kulia unaweza kulia leo. Kumpandisha, ngoja msimu mmoja upite."

Aliondoka bila kuaga. Msimu wote hakutia mguu pale. Badala yake akawa anakuja Bi Hansa, na kachori kwenye mkebe, anasimama mbali na mlango wa banda. Siku moja akaniomba brashi. Akanyoosha mkono kwa mbali, akamsugua Pilipili begani, machozi yakimtoka. "Nyumbani Rina hasemi kitu," akaniambia. "Hapa angalau nashika anachokipenda."

Majira ya kuchipua Rina akarudi na mumewe. Alikuwa amenawiri kidogo. Akamuomba daktari apime mguu upya, akauliza dume gani lina tabia ya upole, akauliza nani atakesha naye siku zikikaribia. Meneja akaniambia baadaye, "Mara ya kwanza ulikuja msiba. Safari hii amekuja mwenye farasi." Hata Bi Hansa akakubali, ingawa siku hiyo alifunga kula akiomba.

Pilipili akashika mimba. Tulimtembeza taratibu, tukamfunga bendeji mguuni, na mimi nikimwombea dua kama mtu. Asubuhi moja ya mvua nilifika nikamkuta Rina amekaa kwenye majani makavu, na mbele yake mtoto wa Pilipili, jike, mwekundu, miguu mirefu kama ngazi, ananyonya. Mama yuko wima, amechoka, anakula.

Mtoto huyo alikua, na mapipa akayaogopa kama simba. Akiliona moja tu, hukwama na kurudi kinyumenyume. Wateja walisikitika kwamba damu ya Pilipili imepotea bure. Rina alicheka mpaka akakaa chini, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba wake, akamfundisha kuwabeba taratibu porini watu wasiojiweza miguu.

Nilistaafu magoti yalipokataa ngazi za ghala la majani. Siku niliyokwenda kuaga, mteja mmoja alikuwa akimbembeleza Rina ampandishe Pilipili tena, pengine safari hii atapatikana mkimbiaji. Sikuingilia. Nyinyi vijana mtakaofanya kazi na wanyama mtajua kwamba siri na mbinu za kazi hii hufundishika, lakini pale ambapo mwingine hana kauli na wewe ndiye kauli yake, hapo hakuna wa kukufundisha.

Rina alimtazama Pilipili aliyekuwa akisinzia juani, mdomo wa chini umelegea.

"Hapana," akamjibu yule mtu. "Mwache apumzike."