Mfuko Alioushona Lukumani

Lukumani fundi cherehani alikuwa mtu wa kuuliza. Saa ya ukutani ikisimama, aliifungua mwenyewe kwanza aone imekwamia wapi. Samaki akiletwa nyumbani, alitaka kujua amevuliwa upande gani wa maporomoko ya mto. Mkewe Aziza alikuwa akisema kwamba siku malaika wa mauti atakapobisha hodi, Lukumani atamvutia kiti amuulize amepitia njia gani na kama njiani kuna matope.

Katika maswali yake yote, moja lilimkaa kichwani miaka nenda miaka rudi. Kwa nini mwezi wa Ramadhani aliweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara, asione taabu yoyote, na siku ya pili baada ya Idi hakuweza kutoka kwenye chai ya asubuhi hadi kibandani kwake kabla ya kuvuta mbili? Koo ni lilelile, kifua ni kilekile. Alimuuliza shehe, akajibiwa kwamba hizo ni baraka za mwezi. Jibu zuri, lakini halikumshibisha.

Basi swali hilo lilikuwa la mchezo mpaka katikati ya mwezi wa saba, mwaka wa 1964. Mchana Lukumani alikuwa fundi. Saa za sala alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaani kwao, kama baba yake, na kama babu yake aliyefika Kisangani na misafara ya wafanyabiashara kutoka mashariki asirudi tena. Hapakuwa na kipaza sauti. Palikuwa na koo la mtu na rehema ya Mungu. Ijumaa hiyo, saa sita mchana, akiwa juu ya mnara, alipofika kwenye maneno ya kuwaita watu waje kwenye kufaulu, sauti ilikatika kama uzi mbovu. Akakohoa. Akajaribu tena, akakohoa zaidi. Chini watu wakaangalia vidole vya miguu yao, na binamu yake Jafari, bila kuombwa na mtu, akaimalizia adhana pale pale alipokuwa amesimama, kwa sauti safi ya kuudhi.

Wazee wa msikiti walikuwa watu wa haki. Walimwambia, "Tunakupa Ijumaa sita. Ya sita utapanda. Ikikatika tena, kazi ni ya Jafari." Lukumani alirudi nyumbani akalia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mtu anaweza kurithi nyumba ikabomoka asilie, lakini sauti ya baba yake ni kitu kingine.

Wiki hiyohiyo akaja kibandani mvuvi mmoja wa maporomoko, jina lake Basile, na suruali iliyochanwa na miti. Wavuvi wa pale husimika miti mikubwa kwenye miamba, katikati ya maji yanayonguruma, wakaning'iniza matenga makubwa ya kunasa samaki. Na mtu hujitosa mle ndani ya mkondo kuyatazama. Basile alisimama akimsikiliza Lukumani akikohoa juu ya cherehani.

"Papa Lukumani, kikohozi iyo ninaijua," alisema. "Ilikuwa yangu."

Akamweleza kwamba miaka miwili nyuma pumzi ilimwishia chini ya maji, tenga likiwa limemkalia mguuni, na waliomtoa walidhani wanatoa maiti. Tangu hapo aliacha tumbako, yeye na shangazi yake Clothilde, aliyekuwa amevuta kiko cha udongo tangu ujana wake.

"Peke yako hauwezi," Basile alisema. "Miye nilijaribu mara ine. Peke yako unajidanganya, na hakuna mutu wa kukucheka. Alors, tamaa ikikupanda, usipigane nayo. Simama, tembea, ukuye kwetu. Tamaa haina miguu."

"Na nikifika?"

"Ukifika, yeye atakuwa amebaki njiani."

Hilo lilimpendeza Lukumani kwa sababu lingeweza kupimwa. Siku ile ile akaanza kuichunguza tamaa yake kama anavyochunguza saa. Inakaa wapi? Kooni? Kifuani? Siku ya tatu akaikamata. Kila alipomaliza mshono na kukata uzi, mkono wa kulia ulipanda wenyewe mpaka mfuko wa shati, kabla moyo haujasema lolote. Kumbe mwizi ni mkono! Na mwezi wa Ramadhani, mchana, mfuko ulikuwa mtupu, na mkono ulijua hilo, ukatulia. Alifurahi kama aliyeokota sindano iliyopotea, akatwaa uzi maradufu na kuushona mfuko wa shati lake ukazibika, kisha mifuko ya mashati yake yote. Aziza alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa kalamu utaweka wapi?"

"Sikioni," alijibu Lukumani.

Kutoka kibandani hadi kwa Mama Clothilde ilikuwa mwendo wa nusu saa. Wiki ya kwanza aliukata mara tatu kwa siku, na wateja wakalalamika. Alitegemea mahubiri, kwani watu walioacha kitu wana mdomo. Lakini pale hakuhubiriwa. Mama Clothilde, mwembamba, mweusi wa kung'aa, meno yake bado na rangi ya kiko, alimpa kisu na fungu la kamba za msituni, zile za kufungia miti ya mitego, amenye maganda. Mikono ikishapata kazi, ndipo alipouliza swali lake, lilelile kila siku:

"Leo imekupandia wapi?"

Lukumani alisema kweli. Leo nilipokata uzi. Leo niliposikia harufu ya kahawa. Leo nilipomsikia Jafari akiadhini vizuri. Wao pia walisema yao. Basile bado ilimpandia akila samaki wa moto na lituma, ile ndizi ya kuponda. Mama Clothilde ilimpandia mvua ikianza kupiga paa.

"Miaka mbili, na bado?" Lukumani aliacha kisu. "Kwani haifi?"

"Haifi, baba. Inazeeka tu, sawa miye."

Alirudi nyumbani akiligeuzageuza neno hilo. Lilimtisha kidogo, na cha ajabu lilimfariji pia. Wiki ya pili kikohozi kilipungua. Akaanza kunusa vitu alivyokuwa amevisahau: chaki ya fundi, maji ya mto, mafuta ya nywele ya mkewe.

Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa nane, waasi wakaingia mjini. Uhuru ulikuwa na miaka minne tu, na tayari watu walikuwa wakigombania malezi yake kwa bunduki. Ofisi zikafungwa, meli zikaacha kuja. Njiani yakalazwa magogo, bariyeri kila mahali, na kila gogo lilikuwa na wapiganaji wake. Punde mji mzima ukajua kinachoinua gogo. Ni sigara. Mwenye sigara alitoa moja akapita. Asiye nayo aliwekwa juani, akaulizwa baba yake ni nani, kazi yake ni ipi, na mbona viganja vyake ni laini kama vya karani. Na viganja vya fundi cherehani, jamani, ni laini.

Kwa hiyo, ili awafikie watu waliomsaidia asivute sigara, Lukumani ilimbidi abebe sigara. Aliketi kibandani akacheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Kisha akachukua wembe, akaufumua mfuko wa shati alioushona kwa mkono wake, akatia paketi ndani. Mkono wa kulia ulijua mara moja.

Wiki zikapita hivyo. Alitoa moja kwenda, moja kurudi, bila kuonja, na aliona fahari. Ikafika Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ya sita. Tamaa ilimpanda asubuhi na mapema, na safari hii ilitoka kwenye woga wa kesho, si kwenye mkono. Akashika njia. Kwenye gogo alimkuta mpiganaji mgeni, mtu mzima wa upande wa Opala, majani ya dawa ya kuzuia risasi yamefungwa kwenye kifundo cha mkono, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sigara iko?"

"Iko, papa." Lukumani akamnyooshea moja.

Mtu yule hakuipokea. "Onja mbele."

Halikuwa jambo geni. Anayekupa pombe hunywa yeye kwanza, upate kujua hakuna sumu. Ndiyo desturi, na Lukumani mwenyewe amewahi kuidai. Alitaka kusema kwamba ameacha. Lakini mbele ya bunduki, anayekataa kuonja anakiri kwamba ametia kitu. Mpiganaji akawasha kiberiti. Lukumani akavuta. Wiki tano na siku kadhaa zikapita kooni mwake kwa pumzi moja.

Aliruhusiwa kupita, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Mkono ukapanda. Kabla hajafika mbali alikuwa na sigara nyingine mdomoni, na kilichomwokoa hakikuwa imani. Hakuwa na kiberiti.

Alimkuta Mama Clothilde peke yake. Basile alikuwa kwenye mitego. Akamweleza yote akiwa amesimama. Yeye akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, na macho yake yalitaka kujua kweli:

"Ilikuwa namna gani?"

"Nilitaka ya pili."

"Ni vizuri umesema."

Lukumani akakohoa, kikohozi kilekile cha zamani. Akaichomoa paketi aitupe mtoni, na yule mama akamdaka mkono kwa nguvu ambazo hakuzitegemea.

"Na utarudi na nini? Utawaambia watu wa bariyeri nini?"

Ilikuwa kweli. Bila sigara hatapita. Akiwa nazo, ataambiwa aonje tena. Na akionja tena leo, kesho hana sauti. Mama Clothilde akaitwaa paketi, akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake, akavaa kandambili.

"Twende. Nitakusindikiza."

Kwenye gogo mpiganaji alikuwa yuleyule. Akamtazama Lukumani, lakini mama ndiye aliyetangulia mbele.

"Sigara iko kwangu, mutoto yangu. Uyu hana kitu."

"Onja mbele, mama."

Akaonja. Hakuivuta kama mtu anayelazimishwa. Alifumba macho, mashavu yakaingia ndani, na moshi ukatoka puani polepole, nyuzi mbili zilizonyooka. Wapiganaji wakacheka, wakampigia makofi kwamba mama anavuta kuliko wanaume. Lukumani hakucheka. Aliona miaka miwili ya mtu mwingine ikitoka puani kwa ajili ya koo lake.

Walipokuwa mbali na gogo, mama alisimama.

"Iko tamu," alisema taratibu. "Mungu anisamehe, iko tamu kuliko zamani."

"Mama, mbona ulifanya hivyo?"

"Sauti yako iko na watu wenye kuingojea. Yangu ni ya kuitia kuku." Akageuka arudi. Mwanamke mzee aliye peke yake hawakumuuliza kitu, hivyo hapo hapakuwa na hofu. Lukumani alikuwa amekwisha kufika mlangoni kwake alipokumbuka kwamba paketi imebaki kwenye pembe ya kile kitenge.

Ijumaa saa sita mchana alipanda. Chini walikuwapo wazee, alikuwapo Jafari, koo lake limekaa tayari. Lukumani akaweka mikono masikioni, akaanza. Alipokaribia pale palipokatika, alihofu. Akavuta pumzi, nayo ikaenda chini kabisa, ikakuta nafasi. Sauti ikatoka nzima. Haikuwa nzuri kama ya Jafari, ilikuwa na mkwaruzo wa baba yake, lakini ilifika mwisho bila kukatika.

Baada ya sala wazee walimshika mkono. Mzee mmoja alianza hotuba ndefu juu ya subira. Lukumani alikuwa tayari akitafuta viatu vyake.

Alifika kwenye gogo mfuko ukiwa mtupu.

"Sigara iko?" akauliza yule wa upande wa Opala.

"Leo haiko. Ilibaki kwa ule mama."

"Na unapita na nini?"

Lukumani akaupapasa mfuko mtupu. Mtu yule akamkazia macho.

"Ni weye ulikuwa unalalamika kule juu saa sita?"

"Ni miye. Nilikuwa ninaita watu."

"Nilisikia mpaka hapa," alisema mpiganaji, akaonyesha njia kwa kidevu.

Mama Clothilde alikuwa ameketi uani, mikono mitupu mapajani. Paketi ilikuwa chini mbele ya miguu yake, imezungushiwa kamba ya msituni na kufungwa fundo la mitegoni, lile ambalo hata mkondo wa mto haulifungui. Ilionekana nyembamba. Au labda ni kamba ilivyokaza.

"Nilikusikia," alisema, ingawa pale, kwa ngurumo ya maporomoko, mtu hasikii hata jirani yake. "Kaa, papa. Lakini usiniulize zimebaki ngapi."

Na Lukumani, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuacha swali likapita, hakuuliza. Alivuta kigoda, akagawa fungu la kamba, nusu kwake, nusu kwa mama, akamtilia kisu mkononi.

"Leo imekupandia wapi?" akamwambia.

"Tangu jana haijashuka," alijibu Mama Clothilde, na wakaanza kumenya.