Mbegu ya Maziwa

Mwaka ule nilimeza antibiotiki za koo, koo likapona, tumbo likaanza vita vyake. Kila nilichokula kiligeuka gesi, na gesi ikanguruma katikati ya vikao, wenzangu ofisini wakajifanya wanasoma makabrasha. Daktari alinieleza kwamba dawa zile hazichagui. Zimeua wadudu wabaya, na wale wazuri wanaokaa tumboni wamekwenda nao. Akaniambia nile vyakula vilivyochachuka: mtindi, togwa, maziwa mgando, kidogo kidogo kila siku.

Mimi ni mdadisi, tena mdadisi mwenye hasira. Nikiambiwa kuna viumbe ndani yangu, nataka kujua wanakula nini na nani aliwakaribisha. Isitoshe nimekulia Tanga, kwetu nazi tunaijua kuliko ng'ombe. Mama mkwe wangu, anayeishi kijijini Mlali, aliposikia habari za tumbo langu hakutoa ushauri wowote. Alikuja kwetu mjini, Makole, na kibuyu cha maziwa mgando kilichofungwa kwa kitenge, amekipakata njia nzima.

Maziwa yalikuwa mazito, yana harufu ya moshi kwa mbali, na ukali wake ulinifanya nifumbe jicho moja. Nilikunywa kikombe asubuhi na kingine jioni. Siku ya nne tumbo likanyamaza. Sisemi ni maziwa peke yake, huenda tumbo nalo lilikuwa limechoka kupigana, lakini nilitaka kujua.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

"Maziwa."

"Na kinachoyagandisha?"

"Mbegu."

Kesho yake alirudi kwake, akaniachia agizo moja tu: "Yakipungua, chemsha mengine. Yapoe mpaka kidole kivumilie, ndiyo uyamimine humo. Ila mbegu usiitoe."

Sasa mnisikilize kabla hamjanicheka. Kibuyu ni tunda, na tunda lina mbegu. Nikajua zipo chache zimeachwa mle ndani makusudi, ndizo zinazofanya kazi. Maziwa yalipokaribia kwisha nikakitikisa kibuyu sikioni, sikusikia kitu. Nikamwaga kilichobaki chini, kama kikombe kizima cha maziwa mazito, nikachungulia kwa tochi ya simu. Hakuna mbegu hata moja. Nikaamua kwamba zimeoza na kwamba kibuyu ni kichafu, basi nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara tatu, kwa bidii ya mkwe anayetaka kusifiwa.

Maziwa niliyoyatia mle baada ya hapo yaliharibika. Maji ya kijani juu, mabonge chini, harufu ya kukimbiza paka. Nikajaribu kutumia mtindi wa dukani kuyagandisha mengine, yakaganda vizuri lakini yalikuwa mapole, si yale. Nikajaribu limau, yakakatika. Dirishani jikoni nikapanga chupa nne, kila moja na kikaratasi chake, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa baridi nikazivisha soksi za mume wangu. Ninakiri nilifurahi sana siku zile. Nilifurahi mpaka nilipompigia simu mama mkwe kumwuliza mbegu za kibuyu huwa zinakaa upande gani.

Akaniuliza:

"Yale ya chini uliyamwaga?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Hayo ndiyo mbegu, mwanangu."

Nikamwambia asijali, Jumamosi nakwenda anipe nyingine kutoka kwenye kibuyu chake. Akanijibu kwamba hana kingine. Ng'ombe wake aliwauza ukame ulipokaza, na pale kijijini hapati maziwa ya kununua kila siku. Mbegu ile alikabidhiwa na mama mkwe wake alipoolewa, na huyo naye alikabidhiwa na wake. Alinipa mimi kwa sababu mjini maziwa hayakosekani. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, na mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi nilikwenda, licha ya foleni ya malori ya mahindi iliyotukwamisha njiani pale Kibaigwa. Nilipofika nilipiga magoti.

"Shikamoo mama. Nimekosa."

"Marahaba. Simama, twende."

Njiani ndipo aliponieleza tunakokwenda. Zamani wifi yake, dada wa marehemu baba mkwe wangu, aliishiwa mbegu akaja kuomba kwa mama mkwe, naye akampa. Kisha baba mkwe akafariki, ukazuka ugomvi wa shamba wakati wa matanga, na tangu siku ile wawili hao hawajasalimiana. Ni mwaka wa saba. Nyumba zao zinaonana. Nilimwambia turudi, nitakunywa mtindi wa dukani maisha yangu yote, akazidi kukaza mwendo.

Uani kwa wifi yake alisimama muda mrefu, mkono umeshika mti wa uzio. Sijawahi kumwona mama huyu akiogopa kitu, na pale alikuwa anaogopa, kwa ajili ya ujinga wangu na sabuni yangu.

"Hodi."

Mwanamke mzee alitoka, akatutazama. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia.

"Nimekuja kuomba mbegu," mama mkwe akasema. "Yangu imekufa."

Nikafungua kinywa niseme ni mimi niliyeiua. Mama mkwe akanibana mkono, akanibana hasa, nikafunga kinywa.

Wifi yake aliingia ndani akakaa sana. Nikadhani ndiyo jibu lenyewe. Kisha akatoka na kibuyu na vikombe viwili, akamimina kimoja, akaonja, akaitikia kwa kichwa kuridhika, akamimina cha pili.

"Kila nikibakiza mbegu, nabakiza vikombe viwili, changu na chako," akasema. "Nilijua nawe itakuja kukufia."

Mama mkwe akakaa chini palepale uani. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akawa hawezi kunywa kwa kulia.