Karani wa Marehemu

Kama umewahi kuzika mtu upande wetu wa Sumbawanga katika miaka hii kumi na minane, basi mzee Polikarp umemsikia akisoma. Ni yule mrefu wa koti la kahawia, anayesimama kichwani mwa kaburi, anakohoa mara moja, anafungua karatasi. Wasomaji wengine wa historia ya marehemu unawajua. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, aliugua, ameacha mjane na watoto sita, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, tukale. Polikarp hakuwa na tabia hiyo. Yeye alikuwa anakwenda msibani siku moja kabla, anavuta kiti karibu na wafiwa na kuuliza mambo ambayo hakuna mwingine anayeuliza. Marehemu alipenda kula nini? Alikuwa na ugomvi na nani, na walipatanaje? Alikuwa anacheka vipi?

Ndiyo maana alipozikwa Alfonsi, mnunuzi wa mahindi, watu walicheka makaburini mpaka wakalia. Walisikia jinsi Alfonsi alivyokuwa akiyasemesha magunia yake ghalani kabla ya lori kuja, akiyaaga moja moja. Nani alijua? Mke wake tu. Na alipomwambia Polikarp, mji mzima ulijua, na Alfonsi akazikwa akiwa mtu, siyo jina na tarehe mbili.

Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa karani mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alijinunulia kompyuta ya mezani, ile ya monita yenye chogo, akaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha kudarizi alichokishona mkewe Kristiana. Msiba wa kwanza walikuja kumwomba awachapie tu. Wa pili wakamwomba aandike. Baadaye hawakuomba tena, mtu akifariki wanamtumia ujumbe hata kabla jeneza halijaagizwa. Kufikia mwaka huu alikuwa na marehemu mia tatu na kumi na wawili ndani ya mashine ile.

Wa mia tatu na kumi na mbili ni Kristiana mwenyewe.

Huyo hakumwandika kama wengine. Alimwandika akiwa hai. Ugonjwa ulipokwisha kutoa jibu lake na hospitali wakawarudisha nyumbani, Kristiana alisema hataki kusimuliwa na watu, atajisimulia mwenyewe. Basi kwa miezi mitatu, kila asubuhi jua likishapasha dirisha, alilala kwenye kochi amejifunga blanketi akasema, na Polikarp akachapa. Kurasa arobaini na saba. Makaburini alisoma moja, ya kwanza, ya utoto wake kule Kaoze. Zile arobaini na sita hakuwahi kuzifungua tena. Kila akitaka, moyo ulikuwa unamkatalia. Alijiambia bado, nitasoma nikipata nguvu, kwani zinakwenda wapi?

Mwezi wa nne binti yao Winifrida, nesi kule Mbeya, alikuja na laptop mpya. "Baba, hiyo mashine yako ikikoroma hivyo siku moja itazimika na watu wako wote. Uwahamishie humu. Halafu mimi nataka alichosema mama. Nataka kukisoma, baba. Sikuwepo."

Kweli hakuwepo, alikuwa kazini, akafika siku mbili kabla ya mwisho, mama akiwa hasemi tena. Polikarp akamwahidi. Siyo hicho tu, alisema, nitatengeneza kitabu. Kila marehemu na picha ya sura yake. Kitakuwa tayari siku ya kuwaombea marehemu wote, tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, na wewe utakuwa wa kwanza kukisoma.

Wazo la kitabu lilimrudishia uhai, lazima tuseme ukweli. Mtu aliyekuwa anashindia uji akaanza kunyoa ndevu. Kwa ajili ya sura alihitaji kamera, maana picha za marehemu wengi zimebaki moja tu, ile ya ukutani, ya fremu na kioo, na wenyewe hawakubali itoke nyumbani. Akaenda dukani kwa Rahel, anayeuza kamera na redio karibu na soko, na unajua alikwenda na nini? Na picha ya Kristiana, ameiviringisha kwenye kanga.

Alirudi huko kwa wiki tatu. Kamera ya kwanza ilimfanya Kristiana awe wa njano kama mwenye homa ya manjano. Ya pili taa yake iligonga kioo, paji lote la uso likawa jua. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila chaja yake ikiharibika haipatikani mpaka Dar es Salaam.

"Mzee, umemleta tena mchumba?" Rahel alikuwa anamtania akimwona tu mlangoni.

"Nimemleta. Na leo amesema asipopendeza hatoki."

"Si utumie simu tu, mzee wangu? Watu wote wanatumia simu."

"Watu wote hawajui kazi," alijibu Polikarp, na Rahel akacheka, akamshushia nyingine kutoka rafu ya juu. Nyeusi, iliyotumika, nzito kidogo mkononi. Hii taa yake ilizimika ukitaka, na iliweza kusogea karibu mpaka ukaona mwanya wa meno ya Kristiana na uzi uliochomoza kwenye kola yake. Polikarp alikitazama kioo chake kidogo muda mrefu. Akasema ni hii.

Wiki tatu, kwa kamera. Na zile nyaraka? Nusu saa! Ndiyo inayouma. Alizihamisha mchana mmoja kabla ya chakula.

Tena asidhani mtu kwamba alikuwa mzembe. Alihamisha kikarani. Zamani fundi alimfundisha kwamba akimaliza kuandika, abofye kulia na "kuipeleka mezani", ili aione mbele akiwasha mashine. Polikarp aliandika maelekezo hayo kwenye daftari akayafuata miaka yote bila kuruka hata siku moja. Kwa hiyo marehemu wote walikuwa pale usoni pa kompyuta, kila mmoja na kijialama chake na jina chini. Aliwachukua wote akawatia kwenye flashi. Akahesabu: mia tatu na kumi na mbili. Hakuishia hapo. Flashi ikiwa bado kwenye mashine ya zamani, alifungua watano kutoka humo humo kwenye flashi. Alfonsi akafunguka. Adela akafunguka. Wote watano wakafunguka, safi, kila herufi mahali pake. Akaandika daftarini: "Nimehakiki." Akawamimina kwenye laptop, akahesabu tena majina, idadi ikatimia. Hakufungua hata mmoja. Angefungua wa nini? Karani akishahesabu na kutia tiki, jalada limefungwa.

Kesho yake aliipeleka ile ya zamani kwa Amos, fundi kompyuta, aifute yote na kuipiga windo upya, wapewe watoto wa chekechea ya jirani.

"Shikamoo mzee. Umekopi vyako vyote? Nikianza sirudi nyuma."

"Marahaba. Nimekopi na nimehakiki," alisema Polikarp, na alisema kwa majivuno, maana alijua vijana hawahakiki.

Miezi iliyofuata alitembea na kamera yake nyumba hadi nyumba, baridi ya mwezi wa saba ikimkata masikio, akapiga sura ukutani moja baada ya nyingine. Alirudi jioni amechoka ila ana furaha. Mwezi wa kumi, sura zikiwa zimetimia, alikaa mezani kuziunganisha na maneno. Alianza na Alfonsi. Laptop ikamwambia kitu kinachotafutwa hakipo. Akabofya tena. Hakipo. Akaenda kwa Adela, hakipo. Stephano, hakipo. Alifika kwa wa ishirini, na bado akaendelea, kwa mfuatano, kama vile ustaarabu wa kufuata foleni ungemfanya mtu aonewe huruma. Kristiana alikuwa wa mwisho. Alimbofya akiwa amefumba macho.

Amos alipoiangalia hakuhitaji hata dakika mbili. Alivua kofia.

"Mzee, hizi siyo nyaraka. Hivi ni vibao vya kuelekeza njia, kama vile vya barabarani. Kibao kinakuonyesha nyumba ilipo. Nyaraka zenyewe zilikuwa ndani kabisa ya mashine ya zamani. Umebeba vibao, nyumba zikabaki."

"Lakini zilifunguka! Nilizifungua kwenye flashi!"

"Zilifunguka kwa sababu flashi ilikuwa kwenye mashine ile ile, mzee. Kibao kilikuwa bado mtaani kwake."

Polikarp alielewa. Afadhali angekuwa mjinga asielewe.

Mashine ya zamani ikarudishwa kutoka chekechea. Ilikuwa imejazwa video za watoto, alfabeti na bata wanaoimba, juu ya kila kilichokuwapo. Amos aliihangaikia siku nne na programu za kufukua, hakutaka hata kusikia habari ya malipo. Yalipatikana majina mengi, na ndani ya majina vijisanduku na alama za ajabu. Katika jalada moja tu ulipatikana mstari mmoja unaosomeka: Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi, amina. Mstari ambao kila mmoja wa wale mia tatu na kumi na wawili alikuwa nao.

Utasema, si kulikuwa na zile karatasi alizosoma makaburini? Zilikuwepo. Ziko kaburini. Na aliyeanzisha ni yeye mwenyewe, jamani. Msiba wa tatu au wa nne, alipomaliza kusoma, aliikunja karatasi akaitupia chini pamoja na udongo wa kwanza, marehemu aende na habari zake. Watu wakaipenda. Ikawa ndiyo desturi ya mtaa, karatasi isipotupwa wanaona mazishi hayajakamilika. Yeye alikuwa akiwatuliza: msijali, nakala iko kwangu.

Hata hivyo alikwenda kwa Christopha, mtoto wa kwanza wa Alfonsi, kujaribu kuanza upya. Mama yao alishafariki naye. Christopha alimpa kiti, wakatazama pamoja ile picha ya ukutani.

"Nisimulie habari za baba yako," alisema Polikarp.

Christopha alicheka kwa aibu. "Mzee, si wewe uliyemwandika? Sisi tulikuwa wadogo. Watoto wangu wakiniuliza habari za babu yao nawaambia ngojeni kitabu cha mzee Polikarp."

Akarudi nyumbani kwa miguu, akajichukia njia nzima. Watu mia tatu walikuwa wamemkabidhi wafu wao, wakasahau kwa amani kwa sababu yeye anakumbuka. Na yeye hakumbuki! Ya magunia anayo, na vichekesho vingine viwili vitatu. Waliobaki ni majina.

Winifrida aliwasili tarehe thelathini na moja, na begi dogo. Alipiga magoti akamwamkia. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu, na alikuwa ameshalia ya kulia huko huko Mbeya. Alipika ugali wa ulezi, wakala kidogo, akaondoa vyombo, akamimina chai, akaja kukaa mkabala na baba yake. Kamera ilikuwa mezani kati yao.

"Baba, usijiue kwa mawazo. Karatasi zimepotea, wewe upo. Ulikaa naye miezi mitatu, asubuhi zote. Nisimulie wewe. Alisema nini?"

Polikarp alifungua mdomo. Alikumbuka blanketi. Alikumbuka jua dirishani na kikohozi, na kwamba siku moja alimsahihisha Kristiana mwaka. Akatafuta maneno, akatafuta kwa nguvu zote za kichwa chake cha uzee, na pale yalipotakiwa kuwa akakuta sauti ya vidole vyake vikigonga herufi.

"Mahakamani walitufundisha," alisema polepole. "Karani mzuri hasikilizi. Ukisikiliza unaanza kumhurumia shahidi, unaruka maneno. Neno linaingia sikioni linatokea vidoleni, halipiti kwingine. Nilikuwa bora kuliko wote, Wini. Miaka thelathini na moja sikuruka neno."

"Baba. Mama alisema nini?"

"Alikuwa akifika mahali ananyamaza. Ananitazama. Ananiuliza, 'Baba Wini, umeandika?' Namwambia nimeandika."

"Halafu?"

"Halafu anaendelea."

Winifrida alingoja. Alingoja mpaka chai ikapoa, na baba yake hakuwa na kingine.