Chumba cha Baridi, Mawaridi ya Jumamosi na Ndizi Zangu

Ninayotaka kuyasimulia hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi niliyekuwepo kuna siku nayatilia shaka. Ati mtu kachukua kiyoyozi kikuukuu, cha kupozea watu, akakilazimisha kipoze maua, mpaka ukiingia na jasho unatoka na mafua. Mtu huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mtaani wanamwita Bibi Theluji. Akili hiyo kairithi kwa mjomba wake, haina ubishi. Naandika haya mezani kwake huku nikiyasoma kwa sauti, naye yuko upande wa pili anafunga mashada, kwa hiyo mtapata kweli tupu.

Mpwa wangu anauza maua. Zamani aliyaweka kwenye ndoo chini ya ngazi, na ikifika saa nane mchana waridi lilishainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeulizwa jedwali la saba. Hali hiyo naijua vizuri. Ndilo jedwali lililonitoa shuleni.

Siku moja akaamua kuigeuza stoo ya nyuma iwe chumba cha baridi. Fundi friji wa mtaani akaja, akakizunguka kile kiyoyozi, akacheka.

"Dada, chombo hiki kikifika nyuzi kumi na sita kinapumzika. Utapoza maua au utapoza wageni?"

"Kinapumzika kwa sababu kinajua kimefika," mpwa wangu akamjibu. "Kisipojua je?"

Basi akakifungua, akakitafuta kile kidude kinachopima joto, akakifunga kiwaya chembamba cha kukipasha moto kidogo. Kila kikipima, kinaona bado joto, kinaendelea na kazi. Maskini, nilikionea huruma. Kumbe tusioweza hesabu tuko wengi.

Fundi akasema haya, lakini umeme utakumaliza.

"Umeme unaliwa na ukuta, fundi. Baridi ikitorokea nje, unaitengeneza upya."

Akapiga vibao vya povu gumu ukutani, sakafuni na darini, tabaka mbili, kila kibao kikifunika kiungo cha mwenzake, na nyufa zote akazijaza gundi. Mlangoni akabandika mpira aliouvua kwenye friji iliyokufa. Kisha akanifungia ndani gizani na chaki mkononi: palipopenya mwanga, niweke alama.

"Unaona nini, Mjomba?"

"Naona nyota, mama!"

"Ngapi?"

"Saba!"

Zilikuwa tatu, lakini gizani mtu huhesabu kwa moyo. Tukaziziba zote. Fundi friji akaikodolea macho mita ya umeme iliyokuwa ikijivuta, akaigonga kwa kidole akidhani imekufa, kisha akaomba karatasi akachora vile viungo. Kucheka kulikuwa kumemwisha.

Kazi ya kwanza ikaletwa na mpambaji wa kumbi za harusi, mama mmoja ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso na maneno ya kusifu huyaacha nyumbani.

"Jumamosi asubuhi nataka ndoo kumi, waridi jeupe. Nikikuta maua yamelala, narudi kwa yule anayeniletea maua kwa lori, na usinipigie tena."

Hapo sikutania. Cherehani ya mpwa wangu ndiyo iliyouzwa kujenga kile chumba. Kikishindwa, hana maua na hana cherehani.

Maua yakaja Jumatano. Alhamisi akatoka kutafuta utepe, akaniachia ulinzi.

"Mjomba, mlango usifunguliwe ovyo."

Sikuufungua ovyo. Niliufungua kwa adabu, mara moja tu, nikaingiza chane yangu ya ndizi mbivu nyuma ya ndoo ya mwisho. Jua lile lingeziharibu, jamani.

Ijumaa alfajiri nikaamshwa na ukelele. Ndoo ya mwisho ilikuwa imemwaga petali zote sakafuni. Kando yake ndizi zangu zimetulia kama wageni waalikwa.

"Hizi za nani?"

"Labda zilikuja na maua, mama."

"Mjomba."

"Basi, zangu. Lakini ndizi imfanye nini mtu? Haina hata meno!"

Akavuta pumzi. "Ukitaka ndizi mbichi ziive upesi, unafanyaje?"

"Nazifungia pamoja na iliyoiva. Hilo hata mtoto analijua, zinaambu..." Neno likanigeukia mdomoni.

"Zinaambukizana. Na mawaridi yangu umeyafungia na zilizoiva."

Akatazama pale cherehani ilipokuwa ikikaa, na hilo ndilo lililoniuma. Kisha ndizi zikatupwa nje, mlango ukaachwa wazi, nikapewa sinia nipepee hewa ile itoke, mpaka mikono ikawa si yangu. Yeye akakata upya kila shina, akabadilisha maji ya kila ndoo, akafunga. Halafu akampigia mpambaji.

"Zitakuwa ndoo tisa, mama. Kosa limetokea huku kwangu."

Hakunitaja. Alinitazama tu kwa jicho la pembeni.

"Nitajionea mwenyewe," sauti ikajibu, simu ikakatwa.

Jumamosi ikafika, na mpambaji naye. Nilisimama mlangoni kama balozi. Miwani ikashuka kutoka kwenye paji la uso, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akapita ndoo kwa ndoo, akalitikisa waridi hili, akalipuliza lile, na petali isidondoke hata moja. Ndipo akanigeukia, akapiga magoti, akanishika mikono akilia kwa furaha, na kwa baridi ile machozi yakaganda mashavuni, yakaanguka vipande vya barafu vikubwa kama mayai ya bata, nami nikaviokota kwa kofia yangu nikampelekea fundi friji ku...

"Mjomba! Barafu ya wapi? Nyuzi tatu mle ndani, hata maji hayagandi! Yule mama alisema, 'Wiki ijayo niwekee kumi na tano,' akaondoka. Na wewe ulikuwa nyuma ya stoo, unamalizia zile ndizi!"