Nilivyomufunika boa mwenye mimba

Mi mulinzi, shule niliiona kwa dirisha, lakini wamama wazazi nimetunza wengi. Patron aliniachia nyoka wake, boa mwenye mimba. "Papa, sanduku lake upande moja moto, upande moja baridi, achague mwenyewe. Usibadilishe. Watoto wakikufa, kazi yako imeisha."

Bon, kwetu Nyakiriba muzazi anafunikwa. Upande wa baridi nikaweka bidon ya maji moto, juu blanketi ya bibi yangu. Nyoka akahangaika. Nikasema ni uchungu, nikafungua kifuniko nimupe pole, nikasahau kufunga.

Patron alirudi, akaenda kuoga. Akatoka na sabuni kichwani.

"Nyoka iko wapi?"

"Iko chini ya blanketi, patron. Tusisumbue muzazi."

"Papa, muzazi wako iko mu doushi yangu, kwa sakafu ya baridi."