Hodi ya Tatu

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu. Usicheke kuitwa hivyo na mtu asiye na mvi hata moja. Kwa ukoo mimi ni mamako mdogo, na programu yako ya kwanza uliyoiweka wazi wiki hii imenirudisha kwenye yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi kijijini kwetu Shumba, sina kazi. Nikatengeneza programu ya simu ya kuonyesha saa za maji kupwa na kujaa, kwa ajili ya bibi yangu na wanawake wenzake wanaolima mwani. Nikaiweka huria mtandaoni, kila mtu aione ndani yake, airekebishe, aitumie. Kusema "karibuni" ni rahisi. Kumbe kukaribisha ni kazi nyingine.

Kijana wa Kojani, jina lake Hamadi, akagundua kuwa saa zangu zimechelewa. Akanitumia sahihisho. Nililisoma, nikalisoma tena, sehemu moja isiniingie. Nikimuuliza, ataona mhitimu mzima hajui. Nikilipokea hivyo hivyo, je, likiharibu zaidi? Nikaandika jibu, nikafuta. Akaandika tena: "Kuna mtu?" Nikafuta jingine. Mara ya tatu akaandika, "Samahani kwa usumbufu," akaliondoa sahihisho lake. Na bamvua, yale maji makubwa ya kupwa na kujaa, ilikuwa inaanza Jumapili. Wanawake wangeteremka pwani kwa saa zangu, wakute maji yanapanda.

Bibi alikuwa barazani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Una nini, macho yamekutoka kama jodari?"

"Kuna mtu kanitumia sahihisho, bibi. Sijamjibu."

"Kakutukana?"

"Kanisaidia."

"Loo! Kakusaidia, ndo ukamnunia?"

"Simnunii. Natafuta maneno."

"Kaandika mara ngapi?"

"Tatu."

Akaiweka kamba chini. "Hodi tatu, mwenye nyumba kimya. Basi kenda zake, na wala hana kosa, ndivyo dini ilivyomfunza. Wewe ndo uko ndani, wachungulia dirishani."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikaandika bila kupamba: "Hamadi, nipo. Kuna sehemu siielewi, naona haya kuuliza. Rudi." Nikatuma kabla mkono haujafuta. Ikaadhiniwa alasiri, bibi akaenda kusali, simu kimya. Nikaswali nami, moyo uko kwenye simu, Mungu anisamehe.

Jibu likaja jioni: "Hiyo sehemu hata mimi sina hakika nayo. Nilitaraji utaniuliza."

Tulipoitazama pamoja tukakuta imekosewa. Tukairekebisha Jumamosi. Jumapili bibi alirudi na kanga imelowa magotini tu, akasema maji yalikuwa mbali.

Basi nasaha yangu ni hii. Watakaokuandikia, waitikie kabla hujapata maneno mazuri. Sema hata "nimeona, sijaelewa." Kuuliza si ujinga, na kidole kimoja hakivunji chawa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyeitika ataponaje? Hofu haitaisha, mimi bado ninayo. Jibu nayo hivyo hivyo.

Mungu akujaalie wenza wa kheri, akupe kifua cha kukosolewa na ulimi mwepesi wa kusema ahsante, na kazi ya mikono yako iwafae hata usiowajua. Amin.