Marejesho kwa Jina la Marehemu

Jumanne moja ya masika haijanitoka akilini, mwanangu, na nataka iandikwe kama ninavyoitamka, kwa kuwa mimi sikusoma na aliyeshika kalamu ni mjukuu wangu. Siku hiyo, huku kwetu Matombo, niliitikia jina la dada yangu Mwanahawa, ambaye tulikuwa tumemzika miezi miwili kabla.

Usishtuke bado. Katika ukoo wetu marehemu haachwi aende na jina lake. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa upande wa mama humchagua ndugu mmoja, humvisha nguo ya marehemu na kumkabidhi jina. Nilichaguliwa mimi. Tangu hapo watoto wa dada waliniita mama, nami niliwaitikia. Ni heshima, na sijuti kuipokea.

Kosa langu lilianza alipopanda mlima afisa mikopo wa kampuni moja ya mjini. Dada alikuwa amekopa kupitia kikundi cha akina mama, akafariki kabla ya kumaliza. Kijana yule alinisalimu kwa adabu zote, "Shikamoo, Bi Mwanahawa," kisha akaweka karatasi juu ya goti langu.

"Nimeambiwa wewe ndiye yeye sasa," alisema. "Basi deni ni lako. Tutakupangia marejesho madogo madogo, kila Jumanne. Ukishindwa, tutachukua shamba la mdalasini."

Shamba hilo ndilo lililokuwa likiwalisha watoto wa dada. Hakunisomea karatasi, wala hakuniachia nakala. Nikaweka dole gumba, kwa kuwa niliona kulikataa deni ni kulikataa jina.

Jumanne ya kwanza tulikutana kwenye baraza ya mwenyekiti wa kikundi, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Afisa alifungua daftari lenye picha ya dada, akaita, "Mwanahawa." Nikajibu, "Nipo." Wenzangu waliinamisha macho. Baada ya majuma machache nikaona kwamba nilipokaa kwenye benchi, walisogea na kuacha nafasi ya watu wawili.

Nilipolipa, simu ililia. Binti wa dada, Zaituni, akanisomea ujumbe: "Ndugu Mwanahawa, marejesho yako yamepokelewa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi." Akanirudishia simu kwa ncha za vidole. Hakuishika tena.

Juma la sita niliteremka kutoka barazani nikichechemea mguu wa kushoto. Haukuwa na jeraha wala maumivu. Aliyechechemea mguu huo maisha yake yote alikuwa dada. Nilijikaza nitembee sawasawa, nikashindwa. Nakueleza yaliyonipata, siongezi neno.

Aliyenizindua ni Bibi Tatu, mzee wa ukoo wa watani wetu, na mtani kwetu ana ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu hathubutu. Jumanne iliyofuata alipita mbele ya baraza, jembe begani, akanisikia nikiitikia. Akasimama.

"We Mwanahawa, kaburi lako nimetoka kulipalilia sasa hivi, magugu yamelijaa. Kumbe mwenyewe uko huku unalipa mikopo? Huko mliko mnapewa mshahara?"

Watu walicheka kwa woga. Afisa hakucheka.

"Na wewe kijana, jina alipewa na wazee wake. Deni kapewa na nani?"

"Bibi, alishakubali mwenyewe. Dole lake hili hapa."

"Dole la nani? La marehemu, au la huyu mjinga?"

Neno hilo liliniuma, nalo lilikuwa haki yangu.

Kesho yake nilikwenda Morogoro mjini kwa msaidizi wa kisheria, mama mtu mzima anayewasikiliza wasioweza kumlipa wakili. Alikisoma kitabu cha mkopo alichokiacha dada, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasimamisha kidole.

"Dada yako alikatwa fedha ya bima siku ile ile alipokopa. Mkopaji akifariki, bima ndiyo inayolipa lililobaki. Mama, unalipa deni lisilokuwepo."

Nikamwambia kwamba nilishakubali.

"Hukusomewa, hukupewa nakala, na umetia dole kwa jina la marehemu. Makubaliano ya namna hiyo sheria inakuruhusu uyapinge. Nani alikwambia ukishakubali umefungwa mdomo?"

Barua ya kwanza ilikwenda kwa kampuni yenyewe, haikujibiwa. Ya pili ilikwenda kwa mamlaka inayowasimamia wakopeshaji, pamoja na nakala ya cheti cha kifo. Tulingoja muda mrefu, nami kila Jumanne nilijifungia ndani. Hatimaye makubaliano yalifutwa, shamba likabaki la watoto, na sehemu ya nilichotoa ikarudishwa. Kule kuchechemea kuliniacha, siku gani sijui. Siku nyingine za ukungu hunirudia hatua mbili tatu.

Basi sikia, mwanangu. Karatasi usiyoielewa, dai isomwe kwa lugha yako, na nakala uondoke nayo mkononi. Ukiwa umeshakosea, usikae ukisema ulikubali. Peleka malalamiko kwa maandishi, na wakikunyamazia, nenda kwa aliye juu yao. Heshima ya wafu wetu ni dua na kuwatunza watoto wao. Haimlazimu mtu kubeba deni ambalo limekwisha.

Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza, akuzidishie mazao ya shamba lako, na akuepushe na dhuluma, wewe na wote watakaokuita mzazi. Amina.